Mafuta ya mwarobaini kwa vidukari: yamefanya kazi, ila echeveria yangu imelipia

Mafuta haya nimeyatumia wiki sita sasa kwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, nadhani naweza kusema kitu, maana kabla sijanunua nilitafuta sana mtu aliyeyatumia kwenye sakulenti, ile mimea ya majani manene yanayotunza maji, nikakosa, kila mtu anaongelea mchicha na nyanya.

Niko Arusha, nyumba ya kupanga ghorofa ya kwanza, sakulenti zangu 23 zinakaa kwenye meza ndogo ya chuma karibu na dirisha. Katikati ya Juni echeveria moja, ile sakulenti ya majani yaliyojipanga kama waridi, ikatoa kile kijiti cha maua, nikafurahi nikapiga na picha, siku mbili baadaye naona kama kina vumbi la kijani. Nikapitisha kidole, vumbi likatembea. Kuangalia vizuri ni vidukari, wamejipanga kuanzia chini ya kijiti mpaka kwenye maua, na chini kwenye majani kuna vigamba vyeupe vidogo vidogo nilivyodhani ni majivu kumbe ni ngozi wanazojivua, na meza yenyewe inanata kama mtu kamwaga soda.

Kosa la kwanza ni langu, sitamlaumu mtu. Nilichukua kopo la dawa ya mbu nikapuliza kwa karibu kabisa. Vidukari walikufa kweli, ila kesho yake majani manne yalikuwa laini, yanapitisha mwanga kama plastiki, yakaanguka yenyewe. Hizo dawa za kopo ni za hewani jamani, zile kemikali zinazosukuma dawa itoke zinaunguza jani. Usijaribu.

Ndo nikaenda duka la pembejeo, nikapewa chupa ya kahawia ya mililita 100, elfu kumi na mbili. Lebo inasema mafuta ya mwarobaini, "changanya na maji utumie". Basi. Kiasi gani hakuna, na sabuni haijatajwa kabisa, na hapo ndo nakasirika maana mafuta na maji tangu lini vikakaa pamoja? Nimetikisa chupa ya kupulizia wee, mafuta yanapanda juu, mmea wa kwanza umepata maji matupu na wa mwisho umepata mafuta matupu. Nikarudi kuuliza nikaambiwa eti kila mtu anajua unaanza na sabuni. Kila mtu nani?

Nilivyokuja kufanya mpaka ikakaa sawa: lita moja ya maji ya vuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo nusu kijiko cha chai, koroga kwanza, halafu ndo mafuta kijiko kimoja cha chai, yaani kama mililita 5, unatikisa mpaka yanakuwa meupe kama maziwa yaliyochakachuliwa. Na unaendelea kutikisa kila baada ya dakika mbili tatu ukiwa unapuliza. Unachanganya ya kutumia siku hiyohiyo tu, yakilala yanapoteza nguvu. Julai kwa baridi yetu hii mafuta yaliganda kwenye chupa, nikadhani nimeuziwa feki, kumbe ndivyo yalivyo, unaiweka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu inayeyuka. Yasiwe ya moto sana, kile kiini kinachofanya kazi humo ndani, azadiraktini, hakipendi joto kali wala jua. Mimi napuliza jioni.

Sasa matokeo. Siku ya tatu niliwakuta bado wapo, nikapiga simu dukani nikiwa nimewaka, kijana akacheka akaniambia, "Dada, mwarobaini siyo sumu ya panya, subiri." Alikuwa sahihi aisee. Wale unaowalowesha mafuta yanawaziba pumzi, lakini waliobaki hawafi papo hapo, wanapoteza hamu ya kula na wadogo wanashindwa kujivua ngozi wakue. Shida ni kwamba kidukari jike hahitaji dume, anazaa watoto walio hai siyo mayai, na hao watoto ndani ya kama wiki nao wanazaa. Kwa hiyo ukipuliza mara moja ukakaa umepoteza hela yako. Nilipuliza kila baada ya siku sita, mara tatu.

Adeniamu yangu, ile waridi ya jangwani, ilikuwa na vidukari wale wa njano wenye miguu myeusi kwenye ncha changa, baada ya mara ya tatu sijaona hata mmoja (utomvu wa adeniamu ni sumu, ukikata kitu nawa mikono). Kalankoe safi. Shubiri safi, haijalalamika popote.

Echeveria sasa. Ule unga wa kijivu-bluu juu ya majani, ambao ndo uzuri wake wote, mafuta na sabuni vimeuondoa. Imebaki ya kijani inang'aa kama imepakwa mafuta ya kupikia, na kwenye majani yale yale unga haurudi, nasubiri majani mapya. Hakuna aliyenitahadharisha, lebo ndo kabisaa. Kwa echeveria siku hizi nakata kijiti cha maua chote natupa nje, waliobaki nawagusa mmoja mmoja na pamba ya masikio yenye spiriti ya asilimia 70, kazi ya kukaa na miwani lakini unga unabaki. Na ukipuliza chochote kwenye sakulenti zilizojikunja kama kabichi, kausha maji yanayotuama katikati, baridi hii zinaoza haraka.

Kitu kingine ambacho naona kimesaidia karibu sawa na mafuta yenyewe ni sisimizi. Walikuwa wanapanda kutoka kwenye fremu ya dirisha kwa mstari, nikadhani wamekuja kuwala vidukari, nikawaacha wafanye kazi. Kumbe wanawafuga! Wanalamba yale majimaji matamu wanayotoa vidukari, ndo yaliyonatisha meza, na wanawalinda. Nikasogeza meza mbali na ukuta, nikapaka mafuta ya mgando miguu yote minne, sisimizi wakafika wakazunguka wakarudi. Na mbolea nimeacha kwa sasa, Mei nilizidisha zikatoa machipukizi laini, naona niliwaandalia vidukari chakula mwenyewe.

Harufu siwezi kuacha kuisema. Kitunguu saumu kilichooza na karanga za mwaka juzi. Mume wangu alisema nikipuliza tena anahamia kwa mama yake, inakaa ndani kama siku mbili hata madirisha yakiwa wazi.

Nyota tatu kati ya tano, mbili nimekata kwa ajili ya lebo. Ningenunua tena kwa adeniamu na kalankoe. Chupa bado iko zaidi ya nusu, rangi yake kama asali kabisa, nimeihamishia kabati la juu na nimeiandika kwa maka peni nyeusi SIYO YA CHAI.