Mazoezi ya ualimu Cuenca, Ecuador: kampuni niliyoilipa na shule niliyoikuta

Nianze na alama, asiye na muda asome hapa aende zake. Shule: nyota tano. Familia iliyonipokea: nyota tano, na kama kuna ya sita nawapa. Kampuni iliyotupeleka: nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya mratibu wao wa pale Cuenca, mama mmoja mchapakazi ambaye nadhani hawamlipi inavyostahili.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu maoni yote niliyoyasoma kabla ya kwenda yaliandikwa na vijana waliozaliwa Marekani, wenye pasipoti ya Marekani, na hofu zao hazikuwa zangu. Wao walikuwa wanauliza kama kuna maji ya moto ya kuoga na kama watoto wanatii. Mimi nilitaka kujua kama Mkenya anapewa viza, na mshahara nitakaoukosa nitaufidia vipi.

Nilisoma msingi na sekondari kule Kisii kabla ya kuhamia Minnesota, na sasa namalizia shahada ya ualimu. Fani yangu ni kufundisha Kiingereza watoto ambao nyumbani wanaongea lugha nyingine. Wanaoijua Minneapolis wanajua kwamba kwa miaka mingi mtoto mgeni darasani alikuwa Msomali. Siku hizi ingia darasa lolote la wageni, utakuta safu nzima ni watoto kutoka Ecuador, na wengi wao wametoka mikoa miwili ya milimani upande wa kusini, Azuay na Cañar. Cuenca ndio mji mkuu wa Azuay. Kwa hiyo chuo kilipotuletea orodha ya Hispania, Costa Rica na Ecuador, wenzangu waliikimbilia Hispania na mimi nikachagua kwenda kuona wanafunzi wangu wanatoka wapi.

Mpango wenyewe uko hivi. Chuoni kwetu huruhusiwi kufanya mazoezi yote ng'ambo; nusu ya kwanza unaifanyia katika shule ya hapa, nusu ya pili ndio unasafiri. Karo ya chuo unalipa yote kama kawaida, halafu juu yake unailipa kampuni ada ya kukutafutia shule, familia na bima. Nauli ni yako. Darasani unafundisha kutwa na hulipwi hata senti. Brosha husema "gharama nafuu", lakini hesabu ya brosha haina kitu kinachoitwa zamu ya usiku. Sisi wengi tunasoma huku tukifanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee, na kuna ndugu nyumbani wanaotegemea hizo zamu. Mshahara nilioukosa ulizidi ada ya kampuni. Weka hilo kwenye hesabu kabla hujatia sahihi popote.

Sasa viza. Kijitabu cha kampuni kilikuwa na mstari mmoja tu juu ya jambo hili, kwamba viza haihitajiki ukikaa chini ya siku 90. Ni kweli, kwa Mmarekani. Mkenya anatakiwa kuwa na viza ya Ecuador tangu 2010, na kadi ya ukaazi wa Marekani si pasipoti. Nilipowaandikia walinijibu nitazame tovuti ya ubalozi. Hilo tu. Watu waliokula ada yangu! Nikahangaika mwenyewe, na ninachoweza kumwambia mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki ni kwamba aanze miezi minne kabla, aulize ubalozini yeye mwenyewe kwa uraia wake, wala asitegemee jibu alilopewa mwenzake. Jambo jingine ni cheti cha tabia njema. Ukitakiwa cheti chenye muhuri wa apostille, yaani ule unaothibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine, kile cha FBI hupigwa muhuri na Wizara ya Mambo ya Nje kule Washington, na kile cha polisi wa jimbo hupigwa na ofisi ya katibu wa jimbo lako. Ukikipeleka kimoja kwa mwenzake kinarudishwa, na majuma yameshaenda.

Tulipofika, kampuni ilitupa semina ya kutuzoesha utamaduni. Tuliketi kwenye ukumbi wa hoteli tukaonyeshwa picha. Tukaambiwa, jamani, watoto wa huku huvaa sare. Mwalimu akiingia husimama na kuitikia salamu kwa pamoja. Jumatatu kuna paredi, bendera inapandishwa. Mwalimu huheshimiwa na wazazi. Wenzangu waliandika kila kitu daftarini. Mimi nilikuwa naangalia saa. Walinitoza pesa kunieleza utoto wangu! Kile ambacho kingenisaidia, yaani jinsi mtaala wao wa Kiingereza ulivyopangwa na jinsi wanavyotoa alama, hakuna aliyekigusa.

Nitakieleza mimi basi. Shule za Ecuador ni za aina tatu: za serikali, za binafsi, na zile wanazoziita fiscomisional, ambazo zinaendeshwa na kanisa huku serikali ikisaidia gharama. Yangu ilikuwa ya aina hii ya tatu. Kiingereza ni somo la lazima kuanzia darasa la pili tangu 2016. Milimani mwaka wa shule unaanza Septemba. Pwani unaanza karibu Mei, kwa hiyo angalia unapangiwa upande gani. Alama ni juu ya 10, na ukipata chini ya 7 hujapita. Hiyo 7 wanaishi nayo. Kuna mzazi alinisimamisha langoni, daftari la mwanawe limefunguliwa ukurasa wenyewe, kidole kimewekwa juu ya 6.90. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, kwa upole kabisa, hiyo sehemu ndogo iliyobaki nimeiacha wapi. Nilimpeleka kwa mwalimu mlezi wangu, yaani mwalimu wa shule ile aliyekuwa ananisimamia darasani.

Langoni kuna mtu anaitwa inspector. Huyu si mkaguzi kutoka wizarani. Ni mtu wa nidhamu wa shule, na anakagua nywele, viatu na sare. Sare zenyewe ni zaidi ya moja: ya kila siku, ya gwaride, na suti ya michezo wanayoiita calentador, na kila moja ina siku yake. Nilimwona akimrudisha mtoto aliyevaa calentador siku isiyo yake, nikamkumbuka naibu wa mwalimu mkuu wetu wa sekondari. Wenzangu Wamarekani walishtuka. Mimi nilijua kabisa yule mtoto atazunguka ukuta wa nyuma, na akazunguka.

Nilikuwa huko muhula wa Septemba hadi Desemba 2024, na aliyefuatilia habari za Ecuador anajua ulikuwa muhula gani. Ukame ulikuwa mkali na nchi hutegemea sana umeme wa maji. Mito inayopita Cuenca, Tomebamba na wenzake, inaingia mto Paute, na huko kwenye Paute ndiko yaliko mabwawa makubwa, pamoja na lile la Mazar ambalo siku zile lilitajwa kwenye redio asubuhi na jioni kana kwamba ni mgonjwa wa familia. Nilipita kando ya Tomebamba kila siku nikienda shule, na mawe yalikuwa mengi kuliko maji. Mwishoni mwa Oktoba umeme ulikatwa hadi saa 14 kwa siku. Ratiba ilitolewa, ikabadilishwa, ikatolewa tena, na kila mtu alikuwa nayo kwenye simu.

Hapo ndipo niliposhukuru kukulia Kisii. Kampuni na chuo vilitaka mpango wa somo wenye picha za projekta, sauti ya kusikiliza, na msimamizi wangu wa Minnesota anitazame darasani kwa video. Fikiria. Mara ya kwanza aliona dari, akasikia nusu sentensi, intaneti ikafa. Nilipoomba tupange kwa kufuata ratiba ya umeme, nikajibiwa kwamba tarehe za ukaguzi zimeshaingizwa kwenye mfumo.

Somo lililonipa alama nzuri kuliko yote lilifanyika gizani, au karibu na giza, maana darasa lile lilikuwa na dirisha upande mmoja tu na mvua ilikuwa inajikusanya bila kunyesha. Kitabu kilitaka tusikilize mazungumzo ya dukani. Spika haina moto. Mwalimu mlezi akaniangalia akakunja mikono. Nikasogeza madawati yawe vibanda vya soko, nikawaambia watoe vitu vyao vya mapumziko waviuze kwa Kiingereza. Ecuador inatumia dola ya Marekani tangu 2000, na zile sarafu za dola moja za rangi ya dhahabu, ambazo Minnesota sijui mara ya mwisho nimezishika lini, kule ziko kila mfuko. Wakauziana mkate, ndizi, na machungwa ya mama wa kantini ambayo sikujua yalifikaje darasani. Mmoja aligoma kushusha bei kwa Kiingereza, akaishusha kwa Kihispania kwa kunong'ona. Kengele ilipolia hakuna aliyetaka kurudisha madawati.

Na kuna faida ya bure kwa sisi wenye Kiswahili. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu, zinasomwa kama zilivyoandikwa. Kwa hiyo nilijua mapema watajikwaa wapi. Mtoto wa Cuenca akisoma "ship" na "sheep" ni kitu kimoja, vilevile ilivyokuwa kwetu. Neno likianza na s na konsonanti nyingine, wao hulitangulizia e, wanasema "eschool". Sisi tungechomeka irabu katikati tukasema "sikuli". Mwenzangu wa Wisconsin alikuwa anarudia neno kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hawamsikii. Mimi nilianza na mdomo: midomo ivutwe, sasa ilegezwe. Mwalimu mlezi aliandika hilo kwenye ripoti.

Mvulana mmoja wa darasa la sita aliposikia naishi Minneapolis aliniuliza kama namjua baba yake. Anaezeka mapaa. Nikamwambia mji ni mkubwa. Akauliza basi kama ni kweli wakati wa baridi hakuna anayeezeka. Nikamwambia kazi hupungua sana. Akatikisa kichwa, akasema mama yake alifikiri ni uongo. Nusu ya darasa walikuwa na mtu New York au Minnesota, na baada ya hapo nilikuwa nabakizwa kila mapumziko kujibu maswali ya hali ya hewa.

Familia. Mama mwenyeji alikuwa mwalimu mstaafu. Mchana ndio mlo mkubwa: supu kwanza, kila siku, halafu sahani yenyewe. Mote, mahindi yao yaliyotolewa ganda, ni muthokoi ya Wakamba kabisa, ila wao wanayakaanga na mayai na vitunguu, wanaita mote pillo, na sijui Wakamba wetu walikuwa wapi wasifikirie hilo. Kuhusu salamu, ukiingia chumbani unamsalimu kila mtu, mmoja mmoja. Mwenzangu wa Wisconsin aliingia akapunga mkono kwa wote, akaonekana hana adabu, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Kwetu hilo halihitaji semina.

Rangi yangu? Mjini walidhani natoka Esmeraldas, mkoa wa pwani wenye Waekuado wengi wa asili ya Kiafrika. Dukani walinzi walinifuata kuliko walivyowafuata wenzangu, na hilo nililiandika kwenye fomu ya maoni ya kampuni, wakanijibu kwa barua pepe ya shukrani. Nilipofungua mdomo na Kihispania changu cha kigeni, mambo yalibadilika ghafla, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwa sababu mtu wa Esmeraldas hana lafudhi ya kumwokoa. Darasani haikuwa shida. Watoto waligusa nywele wakamaliza.

Usalama ni swali la kila mzazi. Ndio, Januari 2024 rais Noboa alitangaza hali ya vita vya ndani dhidi ya magenge, na pwani, hasa Guayaquil, hali ilikuwa mbaya. Cuenca ni shwari ukilinganisha. Nilipanda basi na tramu, nikarudi nyumbani kabla ya giza la ratiba.

Anayefaa kwenda ni mwenye Kihispania cha kujitosheleza, atakayefundisha watoto wa nchi za Kihispania akirudi, na aliye na akiba ya kulipia miezi bila zamu. Chuo chako kikikuruhusu kutafuta shule moja kwa moja, jaribu njia hiyo kwanza, kwa sababu kilichonifaa kilitoka kwa mratibu, mwalimu mlezi na mama mwenyeji, na wote watatu wanaishi Cuenca.

Beba sweta nzito mbili, maana usiku unashuka chini ya nyuzi 10 na nyumba hazina mashine za joto, na tochi ya kuvaa kichwani. Na ile fomu ya saa za kufundisha igongwe muhuri wa shule na itiwe sahihi kabla ya likizo ya Krismasi kuanza. Mwenzangu mmoja aliiacha hadi siku ya mwisho, mkuu wa shule akawa ameshakwenda kwa ndugu zake Loja, na leseni yake ya ualimu bado inasubiri.