Uzoefu wangu: dalali wa Dodoma, Land Rover 109 na chasisi iliyofichwa kwa rangi

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki kungoja ipoe, kwa maana ikipoa nitaandika kwa upole ambao mtu huyu hastahili. Gari langu la kwanza la zamani nimelipata, ni Land Rover 109 ya Series III, yaani ile ndefu ya toleo la tatu, na nalipenda kuliko nilivyotarajia. Kwa hiyo asije mtu akadhani ninalalamikia gari. Ninachokieleza hapa ni huduma ya dalali aliyenizungusha Dodoma kabla sijalipata, na hasa jambo moja alilolitenda kwenye gereji moja ya Kizota, ambalo kila nikilikumbuka damu inanichemka. Habari za ukubwa wa injini na unywaji wa mafuta zimejaa kila mahali, na atakayezitaka atazipata.

Nilianza kutafuta wakati wa kiangazi, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu. Kuagiza kutoka nje sikutaka hata kulifikiria, kwa kuwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa ziada, na Series III, ambayo ilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, imeshaupita umri huo kwa mbali. Zaidi ya hapo niliamini, na bado naamini, kwamba mikoa yetu ya kati ni mahali pazuri kuliko pengi pa kutafutia gari kuukuu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi mingine hewa ni kavu. Hakuna upepo wa chumvi unaokula chuma kama ule wa Tanga au Dar es Salaam. Dalali alipong'amua kwamba jambo hili nalijua na kwamba ndilo linalonivutia, basi kila gari alilonionesha likawa "halijawahi kutoka Dodoma".

Gari la kijani alilisifu kupita yote. Alidai kwamba liliachwa na Waingereza wa mradi wa karanga wa Kongwa, kwamba ni gari la kihistoria, na kwamba bei yake ya shilingi milioni 14 ni ya kumhurumia mnunuzi. Mradi ule ulianza mwaka 1947 na ukavunjwa mwaka 1951. Land Rover ya kwanza kabisa ilioneshwa hadharani mwaka 1948, kwa hiyo anayesema zile za mwanzo ziliwahi kufika Kongwa sitabishana naye. Lakini gari lililokuwa mbele yangu lilikuwa na saa za mwendo na za mafuta mbele ya dereva, wakati zile za awali ziliwekwa katikati ya dashibodi, na wavu wake wa mbele ulikuwa wa plastiki, si wa waya. Hiyo ni Series III, gari lililoanza kutengenezwa miaka 20 baada ya karanga kushindikana. Nilimweleza hayo kwa adabu. Alinitazama, akatabasamu, kisha akamgeukia mdogo wangu, ambaye nilikuja naye kwa sababu ndiye aliyekuwa na nafasi siku hiyo, akaanza kumweleza yeye habari za injini. Mdogo wangu ni mhasibu, na magari hayajawahi kumshughulisha hata kidogo.

Nilisema gari lipelekwe kwa fundi wangu kwanza, ndipo tuzungumze bei. Dalali alikataa, halafu akakubali kwa sharti la hela ya usumbufu, shilingi 50,000 zisizorudishwa, nami nikalipa. Kadi ya gari nilipoiomba aliniambia inafuata. Haikufuata siku ile wala siku nyingine yoyote.

Fundi niliyemchagua ni mtu mzima ambaye ameyashika magari haya tangu ujana wake. Hakugusa injini. Alitandika boksi lililokunjuliwa, akalala chali, akajisogeza chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, akaanza kugonga chasisi, yaani fremu inayobeba gari zima, taratibu kutoka mbele kwenda nyuma huku akisikiliza. Anayeanza kutafuta gari la aina hii lazima aelewe sababu ya kazi hiyo. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa kuwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa cha mgawo huko Uingereza, na aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Chasisi, hata hivyo, ni ya chuma: ni mabati mazito yaliyochomelewa pande zote nne na kuacha uwazi katikati, na matope yakishaingia humo hayatoki kwa urahisi, hivyo chuma huliwa kutoka ndani pasipo dalili ya maana kwa nje. Bodi inaweza kuwa imenyooka na rangi inang'aa, kumbe kinachobeba kila kitu kimeoza.

Mbele mlio ulikuwa mkali na safi. Fundi alipofika nyuma, upande wa kulia, juu ya mahali ncha ya springi inaposhikiliwa, mlio ulibadilika ukawa mzito, hauna uhai. Sehemu yote ya chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito, mpya, ambayo ilikuwa bado inanata kidoleni. Fundi aliikwangua kwa ukucha, akaitazama, akanyoosha mkono nje bila kusema kitu ili mwanafunzi wake ampe bisibisi.

Hapo ndipo dalali alipopandisha sauti. "Gari la mtu halitobolewi! Kama hela hamna, semeni hamna!" Nilimjibu kwamba hela ipo, na kwamba ninayenunua ni mimi, kwa hiyo aongee na mimi. Hakunitazama. Alimwambia mdogo wangu, mbele ya mafundi wote na vijana wanaojifunza kazi pale: "Kaka, mrudishe mama nyumbani ukamtafutie Vitz. Haya magari yana wenyewe."

Nimefanya kazi serikalini miaka mingi, nikahamia Dodoma pamoja na wizara yetu, na nimewahi kusemeshwa vibaya na watu wa kila cheo. Sijawahi kusemwa hivyo, nikiwa nimesimama hapo hapo, na mtu ambaye nimemlipa. Haya magari yana wenyewe! Wenyewe ni akina nani? Baba yangu mzazi aliendesha Land Rover ya serikali hadi alipostaafu, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa najua kwamba ukikibonyeza kile kitufe cha njano magurudumu ya mbele yanaingia kazini, na kwamba mkono mwekundu ni wa gia nzito za kupandia mlima na kutokea kwenye tope. Dalali huyu, nilipomuuliza mkono mwekundu unafanya kazi gani, alisema ni wa breki ya akiba. Mtu asiyejua mkono mwekundu ananiambia mimi nikatafute Vitz! Na hata kama ningekuwa sijui lolote, hata kama ingekuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona gari, hela ni yangu, na swali la mnunuzi hujibiwa mnunuzi, hajibiwi ndugu yake kwa kuwa ni mwanaume.

Fundi, Mungu ambariki, hakubishana na mtu. Aliisukuma bisibisi kwa kiganja tu, bila kuigonga, ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa yalimwagika magamba ya kutu yakajaa kiganja, na nyuma yake tukaona kiraka cha bati jembamba kilichochomelewa juu ya chuma kilichooza, ili rangi ipate pa kushika. Akasema chuma kilichoharibika namna ile hakikuharibikia Dodoma, kwamba gari lile limeishi pwani. Dalali alisema kiraka kingine kinawekwa kwa laki mbili, akachukua funguo, akaondoka. Hela ya usumbufu nilipoiulizia alikuwa ameshawasha gari.

Sasa inanibidi niseme jambo ambalo halinifurahishi. Gari nililolinunua lilikuwa kwenye simu ya mtu huyu huyu. Kabla ya siku ile ya Kizota alikuwa amenionesha picha ya Land Rover nyeupe iliyoegeshwa chini ya mwarobaini, akaipita haraka akisema kwamba mwenye nayo ni mzee msumbufu wa Mpwapwa na kwamba bei ni milioni 12 na nusu, haipungui. Nilipomtajia fundi habari za picha ile alisema mzee huyo anamfahamu. Tukapitia Mbande na Kongwa hadi Mpwapwa, mimi na fundi, na mzee alipomaliza kuitikia shikamoo yangu, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa hili: "Ingia chini ulitazame, mwanangu. Mimi mgongo hauniruhusu tena."

Niliingia mwenyewe, kwa nyundo ya fundi, na mlio ulikuwa mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Hakukuwa na rangi nyeusi. Kulikuwa na vumbi, mafuta yaliyogandia kwenye difu, na chuma kinachoonekana. Boneti nilishaigusa tulipofika, nikaikuta baridi, maana anayeficha ugumu wa kuwaka huiwasha injini kabla mgeni hajafika. Iliwaka. Barabarani gia ya kwanza iliingia bila kukwaruza gari likiwa bado linatembea polepole, kama inavyotakiwa kwa Series III. Kasoro zilikuwepo na mzee alizitaja kabla sijauliza: rejeta inavuja, breki za nyuma zinavuta upande mmoja, kiti cha dereva kimechanika, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva umeanza kutu kwenye kona. Bei yake ilikuwa milioni 9. Yaani cha juu cha dalali kilikuwa milioni 3 na nusu, kwa gari ambalo, kwa maelezo ya mzee, alilipiga picha akiwa amesimama na hakuinama hata mara moja.

Namba ya chasisi niliisoma kwenye chuma chenyewe, mbele kulia karibu na springi inapofungwa, nikailinganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi lilikuwa la mzee mwenyewe. Mkataba wa mauziano tukausaini mbele ya wakili, na umiliki ukahamishwa TRA.

Mzee alisisitiza kwamba dalali apewe chochote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitangaza gari, nami kwa heshima ya mzee nilimtumia shilingi laki tatu. Ujumbe wa shukrani aliutuma kwenye simu ya mdogo wangu.

Pamoja na hayo, nilipotulia nilikuwa tayari kuandika kwamba anafaa kwa kiasi fulani. Anayeanza hajui magari haya yamelala wapi. Hayako kwenye yadi, yako kwenye nyua za watu Bahi, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, na dalali huyu anazijua nyua hizo kuliko yeyote niliyekutana naye. Bila simu yake huenda ningekuwa bado natafuta. Nilikuwa nimekusudia kusema: mtumieni kwa kuoneshwa magari, msimwamini kwa bei wala kwa historia, na fundi awe wenu.

Kisha wiki hii nimeliona lile la kijani likitangazwa tena. Bei imepanda hadi milioni 15. Mradi wa karanga wa Kongwa umo kwenye tangazo, maneno ya kwamba halijawahi kutoka Dodoma yamo, na katika picha iliyopigwa kwa nyuma sehemu ya chini inang'aa kwa rangi nyeusi iliyopakwa upya. Alikuwepo pale Kizota. Aliiona bisibisi ikizama, aliyaona magamba kwenye kiganja cha fundi, na bado amelipaka rangi ili mtu mwingine alinunue, apakie watoto wake, ashuke nalo mlima wa Saranda, na ile springi ya nyuma ichomoke pamoja na kipande cha chasisi. Nilidhani kosa lake ni dharau na tamaa ya cha juu. Hili ni kubwa kuliko dharau, kwa hiyo yale niliyosema kwamba anafaa kwa kiasi fulani nayafuta. Asitumiwe na mtu yeyote, hata kwa kuoneshwa picha.

Gari lenyewe ni 109 ya kijani iliyokolea, yenye paa jeupe na kioo cha taa ya kushoto kilichopasuka. Atakayepelekwa kuliona apite nyuma upande wa kulia, aingize mkono juu ya kishikio cha springi, aikwangue rangi. Tundu la bisibisi liko hapo, na kama limezibwa, kiraka kitaonekana.