Llangollen, Wales: kwaya ya vijana inayotaka kushindana nje ije hapa (nyota 4 na nusu)

Kila mwaka lazima kuna mwalimu wa kwaya huko nyumbani anapiga simu, "dada, vijana wangu wameiva, tukichanga nauli twende shindano gani la nje?" Sasa najibu wote kwa pamoja. Kwa nilichokiona mimi kama mtazamaji, nendeni Llangollen, kamji kadogo kaskazini mwa Wales, shindano lao la kimataifa la muziki wanaliita Eisteddfod, linafanyika mwezi wa saba kila mwaka. Sio London wala mji wowote mkubwa.

Tulienda na vijana wa kwaya yetu ya kanisa hapa Birmingham, kuangalia tu, hatukuimba. Kufika kwenyewe ni kazi, treni za kawaida haziendi Llangollen, unashuka Ruabon halafu unatafuta basi (kuna treni ya moshi pale mjini ila hiyo ni ya watalii, usije ukaipangia safari). Mji uko bondeni, mto Dee unapita katikati maji yanapiga kelele kwenye mawe, juu kilimani kuna magofu ya ngome ya Dinas Brân, na uwanjani ndo kuna banda kubwa jeupe limekaa kama hema, wanaliita Pavilion. Mvua inakuja inaondoka inakuja, hiyo ni Wales, zoea.

Ndani unakaa unasikiliza kwaya zinapanda moja baada ya nyingine, za watoto, za vijana, za wanaume, za wanawake, nyimbo za asili, na ngoma pia zipo. Kwa mtu aliyezoea mashindano yetu ambayo ukisubiri kwaya yako unasinzia, hapa husinzii kabisa, maana wanaopanda kila mmoja ana sauti za kwao. Ila mi nasema ukweli, kilichonifanya niandike haya hakikuwa jukwaani, kilikuwa nje kwenye majani.

Maana mji ni mdogo, washindani hawana pa kujificha. Unatoka kununua chipsi unakuta kwaya ya wasichana wamevaa sketi nyekundu wamejipanga nyuma ya gari, mwalimu wao anawapa sauti kwa mdomo uliofumbwa, na wawili pembeni wanafuta matope viatuni kwa tishu huku wanaimba, mkono unafuta mdomo unaimba, hawakosi hata mpigo! Madogo zetu wakasimama hapo hapo, baada ya dakika chache sauti ya pili wetu wakaanza kufuata kwa chini, wale wasichana wakacheka wakawapisha nafasi kwenye mstari. Hawakuwa na lugha moja ya kuongea. Hilo somo nimelitafuta kwa semina ngapi sijawahi kulipata.

Halafu kuna huyu bibi. Tulikaa naye siti moja, ana chupa yake ya chai na blanketi, mwenyeji wa hapo hapo. Akatuambia alipokuwa mtoto familia za mji zilikuwa zinapokea waimbaji majumbani, kwao walikuja wageni wakapewa kitanda chake, yeye na dada yake wakalala chini wakafurahi maana usiku wageni walikuwa wanaimba jikoni. Kijana wetu mmoja wa besi alikuwa na nota mfukoni, si unazijua zile fotokopi zetu za d r m zilizofifia, yaani solfa, sauti zimeandikwa kwa herufi za do re mi, bibi akaomba aone. Nikadhani anaangalia kwa heshima tu. Akavaa miwani akaisoma besi yote kwa kuhumu, taratibu, bila kukosea, wimbo wa Kiswahili ambao hajawahi kuusikia maishani! Kumbe na wao makanisani kwao walikuzwa na solfa hiyo hiyo aliyoieneza yule Mwingereza John Curwen karne ya 19, ikafika Wales, ikaletwa na wamisionari mpaka kwetu. Kijana wa watu alibaki mdomo wazi, yeye alikuwa anaona aibu kwamba hasomi zile nota za mistari mitano za wazungu.

Historia ya shindano lenyewe nayo si mchezo. Lilianza 1947, vita imeisha miaka 2 tu, Uingereza chakula bado cha mgao, wakaita kwaya za nje zije. Mwaka huo reli Ufaransa ziligoma, kwaya ya wafanyakazi kutoka Hungaria ikaomba lifti barabarani mpaka ikafika. 1949 wakaja Wajerumani kutoka Lübeck, hebu fikiria Wajerumani wakati ule, na wakapokelewa vizuri. 1955 akaja kijana wa miaka 19 kutoka Modena, Italia, kwaya moja na baba yake mzazi, wakabeba ushindi wa kwaya za wanaume, kijana huyo ndo Luciano Pavarotti, na kombe la kwaya bora ya dunia linaloshindaniwa hapo siku hizi lina jina lake. Matenori wetu walivyosikia hivyo walijiona wote ni yeye, safari nzima ya kurudi hatukupumzika.

Nusu nyota nimekata kwa sababu ya usafiri na malazi, kamji kenyewe kadogo na wiki hiyo watu wanajaa, kwa hiyo mwalimu usipange kulala Llangollen, angalia Wrexham au pembeni huko mapema.

Na ushauri wangu kwa mnaojipanga, msije na nyimbo za Kizungu mlizokariri mkidhani ndo mtawafurahisha majaji, hizo Wazungu wenyewe wanaziimba tangu tumboni. Leteni za kwenu, za Kigogo, za Kiluo, za Kigiriama, mziimbe kwa sauti nne zilizonyooka. Mkikosa kombe basi, kule nje kwenye majani bado mtakuwa mmefaidi.

Viza sasa, hapa ndo kwaya nyingi zinakwama. Viza ya kawaida ya kutembelea Uingereza inaruhusu mwimbaji kushiriki shindano, ila huwezi kuomba zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida linachukua wiki 3, kwa hiyo pasipoti za watoto zikamilike mwaka mmoja kabla, sio mnaanza kuhangaika mwezi wa tano. Wale chini ya miaka 18 kila mmoja awe na barua ya ridhaa ya mzazi, yenye saini, jina la mlezi anayesafiri nao na mahali watakapolala. Na makoti ya mvua jamani, mvua ya mwezi wa saba kule haina adabu.