Kozi ya "Baraka kwa Kiebrania" kwa Zoom, nimemaliza, inafaa

Jamani nimemaliza ile kozi ya baraka kwenye maandiko ya Kiebrania, Jumamosi sita, jioni, kwa Zoom, elfu 30 tu, na kuna watu wameniuliza inbox kama inafaa kwa hiyo naandika hapa mara moja. Inafaa sana.

Mimi nimekulia kanisani na siku zote nikisikia baraka nawaza kazi, nyumba, mtoto. Siku ya kwanza mwalimu katuuliza nani alibarikiwa wa kwanza kwenye Biblia, wote tukajibu Adamu, kumbe Mwanzo 1:22 ni samaki na ndege! Binadamu anafuata, halafu siku ya saba nayo inabarikiwa.

Upande wa maneno ndo uliniteka. Mzizi ni b-r-k, ndugu wa baraka yetu hii tuliyoipata kwa Kiarabu, na hata birika lile la Siloamu, bwawa kwa Kiebrania ni berekha. Goti nalo ni berekh, ila mwalimu akasema wazi kufanana herufi peke yake hakuthibitishi kwamba maana ni moja, nikamheshimu kwa hilo. Halafu Zaburi 103, sisi tunasoma "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana", kwa Kiebrania pale ni kitenzi kile kile cha kubariki, yaani mtu anambariki Mungu, na kwa Kiswahili chetu huwezi kuliona hilo mpaka mtu akuonyeshe. Na Ruthu 2:4 vibarua wanambariki Boazi mwenye shamba, kwa hiyo baraka haitoki juu kwenda chini tu.

Wiki ya tatu ni Yakobo na Esau na kwa hiyo peke yake ningelipa tena. Mwanzo 27 Isaka ameshamtamkia baraka Yakobo aliyejifanya Esau, anatetemeka, lakini hawezi kulirudisha neno, na Esau analia anamuuliza baba yake kwani unayo moja tu. Hapo wengi tunaishia. Mwalimu akatupeleka sura ya 33, imepita miaka 20 na zaidi, Yakobo anachechemea, anamwinamia kaka yake mara 7 wakati baraka aliyoichukua ilisema ndugu zake ndio watamwinamia yeye, halafu anampa mifugo na kumwambia chukua berakha yangu, yaani baraka, neno lile lile alilomwibia!! Nimesoma sura hiyo tangu sunday school sikuwahi kuona. Kwenye Zoom palikuwa kimya kabisa, na mimi nililia.

Hesabu 6:24-26, ile baraka ya makuhani, pia wameifundisha vizuri, maneno 15 ya Kiebrania, mstari wa kwanza 3, wa pili 5, wa tatu 7, inapanuka inavyokwenda. Na mstari wa 27 ndo muhimu, makuhani wanaliweka jina la Mungu tu juu ya watu, anayebariki ni Mungu mwenyewe. Walituonyesha picha za vile vikaratasi viwili vya madini ya fedha vilivyochimbuliwa Ketef Hinnom, Yerusalemu, mwaka 1979, vina maneno ya baraka hiyo na ni vya zaidi ya miaka 2,500, watu walikuwa wanatembea nayo mwilini.

Kasoro zipo. Notsi zote ni za Kiingereza wakati somo ni la Kiswahili, kuna mama mmoja kwenye grupu letu alihangaika mno na haikuwa haki. Na Ayubu wamemrundika dakika 20 za mwisho, pale 2:9 mkewe anaposema "mkufuru Mungu" Kiebrania kimeandika "mbariki", mwandishi kakwepa kulitamka tusi, kitu kizito kama hicho kilistahili Jumamosi nzima.

Rekodi wanakuachia mwezi mmoja, bando liandae maana kila kipindi ni masaa mawili. Ukiweza sikiliza wiki ya tatu ukiwa na ndugu yako mliyegombana, mi nilimtumia kaka yangu linki usiku ule ule.