Madirisha ya aluminiamu kando ya barabara kuu ya TANZAM: lipi linazuia kelele za malori?

Kwa nyumba zilizo kati ya Uyole na Mbalizi, Mbeya, dirisha la kuslaidi ndilo mafundi wengi hulipendekeza. Ni zuri kwa macho, lakini kwa kelele ni dhaifu: vipande vyake hukutana kwa brashi (ukanda wa nyuzi laini), na brashi hupitisha hewa. Penye hewa, sauti nayo hupita. La kufungua kwa nje, lenye mpira kuzunguka fremu na komeo linalolikaza, linashinda kwa mbali.

Kuhusu kioo, usidanganyike na vioo viwili vilivyoachana milimita 6 au 12. Vinasaidia baridi ya Juni na Julai. Mngurumo mzito wa lori linalopanda mlima haujali. Bora kioo cha lamineti cha milimita 6.4, yaani vioo viwili vya milimita 3 vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki. Kama dirisha la zamani ni zima, ongeza la pili upande wa ndani, ukiacha nafasi ya sentimita 10 hivi. Hilo ndilo ningelilipia kwa pesa zangu.

Kazi huharibika kwenye ukuta. Fundi hupaka silikoni juu tu, nyuma kukabaki pengo. Mwambie ajaze pengo lote kabla ya kumalizia kwa silikoni. Kagua pia uwazi kati ya bati na ukuta, na matundu ya hewa juu ya dirisha.

Chumba kilichozibwa hivi usiwashe jiko la mkaa ndani, hata baridi iumeje.