Kipimo cha Mifupa Kisiginoni: Huduma ya Kemisti na Mahema ya Nairobi

Unavua kiatu na soksi, unapakwa jeli, unaingiza mguu kwenye mashine ndogo, na muda si mrefu unakabidhiwa karatasi yenye rangi ya kijani, manjano au nyekundu. Ndiyo huduma inayotolewa kwenye baadhi ya kemisti za katikati ya jiji na kwenye kambi za afya za wikendi. Kwa kuchuja watu, inafaa. Kwa kuthibitisha ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu (osteoporosis), haitoshi. Na ikiwa mwisho wake ni kukuuzia chupa ya kalsiamu papo hapo, ondoka na hela zako.

Mashine hiyo hupitisha mawimbi ya sauti kwenye mfupa wa kisigino na kupima kasi yake na jinsi yanavyofifia. Haina mionzi, na hilo ni jambo jema. Lakini huharibiwa na vitu vidogo: kisigino chenye magaga hunasa hewa chini ya jeli, mguu uliovimba hubadilisha matokeo, na hema lililopigwa jua la saa saba nalo huvuruga, kwa kuwa kasi ya sauti hutegemea joto. Muulize mhudumu kama leo ameikagua mashine kwa kile kipande maalumu kinachokuja nayo. Akibabaika, usilipe. Ukikubali kupimwa, tulia bila kutikisa mguu, na usitumie mguu uliowahi kuvunjika.

Tatizo kubwa liko kwenye namba. Mpaka wa -2.5, alama ya uzito wa mfupa ambayo kuanzia hapo kwenda chini mtu huhesabiwa kuwa na osteoporosis, uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, haukuwekwa kwa sauti ya kisiginoni. Kipimo kinachotegemewa leo ni DXA, eksirei ya mionzi kidogo inayopiga nyonga na uti wa mgongo. Mtu anaweza kupata -1.8 kisiginoni huku nyonga yake ikiwa imeshavuka mpaka huo. Tena mashine nyingi hukulinganisha na wanawake vijana wa Kizungu, na mifupa ya jamii mbalimbali haifuati mkondo mmoja. Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, watafiti walikuta wanawake wenye madini machache ya mfupa kuliko Waingereza, wanaokula kalsiamu kidogo, na bado kuvunjika nyonga kulikuwa nadra. Nchi za Skandinavia, zenye maziwa tele, ndizo zenye viwango vya juu kabisa vya kuvunjika nyonga.

Ndiyo maana kinachotofautisha huduma nzuri na mbaya ni maswali, zaidi ya mashine. Anayeijua kazi atauliza kabla ya kupaka jeli: una miaka mingapi, hedhi ilikoma lini, umewahi kuvunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka tu ukiwa umesimama, mzazi wako alivunjika nyonga? Unavuta sigara, unakunywa pombe kila siku? Umemeza prednisoloni (dawa ya steroidi) miligramu 5 au zaidi kwa siku kwa miezi mitatu? Una baridi yabisi? Hapa Nairobi tungeongeza mawili: dawa za ARV zenye tenofovir, ambazo hupunguza uzito wa mfupa, na sindano ya kupanga uzazi ya Depo, ambayo hupunguza pia ingawa sehemu kubwa hurudi ukiiacha. Hakuna sababu ya kuacha ARV kwa ajili ya karatasi nyekundu. Hilo ni la kuzungumza na daktari wako.

Swali la tatu halisikiki kabisa: unakunywa maji gani? Visima vingi virefu vya Nairobi vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, na Bonde la Ufa hali ni mbaya zaidi. Floraidi nyingi kwa miaka mingi huufanya mfupa uonekane mzito kwenye picha ilhali unakatika kwa urahisi, basi matokeo mazuri ya mtu aliyekulia Naivasha yasomwe kwa tahadhari.

Wengi kwenye foleni wanaumwa magoti, na kipimo hiki hakiwahusu. Kusagika kwa gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, huongezeka kwa umri, uzito mkubwa na jeraha la zamani la goti. Uzito huohuo unaolemea goti mara nyingi huuongezea mfupa wiani (uzito wa madini yake), kwa hiyo mama mnene mwenye magoti mabovu anaweza kutoka na karatasi ya kijani akidhani yuko salama. Jongo nayo haionekani hapo.

Ukipata nyekundu, au ukiwa umejibu ndiyo kwa maswali kadhaa hata kama karatasi ni ya kijani, omba rufaa ya DXA. Usimeze vidonge vya kalsiamu saa 24 kabla, na vaa nguo isiyo na zipu wala kifungo cha chuma. Anayekushauri urudi kila mwezi kupima kisigino anakupotezea pesa: mfupa hubadilika polepole, na hata DXA kwa kawaida hurudiwa baada ya mwaka mmoja hadi miwili.