Tathmini: Msaada wa Fedha wa Marekani Wakati wa Korona
Kama huduma kwa raia, msaada wa fedha ulioidhinishwa na serikali ya Marekani mwezi Machi 2020 ulifana zaidi pale ambapo masharti yake yalikuwa mepesi. Mtu mzima ambaye kipato chake hakikuzidi dola 75,000 kwa mwaka alipewa dola 1,200, na familia ikaongezewa dola 500 kwa kila mtoto aliyestahili. Wengi ambao mamlaka ya kodi tayari ilikuwa na namba zao za akaunti waliingiziwa fedha bila kujaza fomu mpya. Asiye na akaunti, ambaye mara nyingi ndiye mhitaji zaidi, alisubiri hundi ya posta.

Upande wa biashara ndio unaonitia shaka. Wazo la mkopo wa kulinda mishahara lilikuwa zuri, kwa kuwa deni lilisamehewa iwapo sehemu kubwa yake ilitumika kuwalipa wafanyakazi, lakini maombi yalipitia benki, na benki nyingi (jambo lisiloshangaza) ziliwatanguliza wateja wao wa siku zote. Dola bilioni 349 za awali zilikwisha katika muda usiofika wiki mbili. Bunge liliongeza fedha mwezi wa Aprili, ingawa kwa aliyekwisha kufunga duka nyongeza hiyo ilikuwa imechelewa.